Omba Maji, Usiulize Jiko

Laiti nisingetia sahihi. Nianze na hilo, vijana, kwa sababu mengine yote nitakayowaambia, hata yale ya kuchekesha, yanaizunguka sahihi hiyo. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri. Msimamizi wangu, Bi Thandeka, aliniwekea mezani orodha ya yadi arobaini na moja, yaani viwanja vya watu, za Chatsworth na Queensburgh hapa Durban. Chini ya orodha palikuwa na mstari mmoja wa kutiliwa sahihi: "Nimerudi katika kila yadi na kuthibitisha kwa macho yangu." Sikuwa nimerudi hata katika yadi moja.

"Baba, weka sahihi," akaniambia. "Kesho asubuhi orodha inaondoka."

"Sijarudi, Bi Thandeka. Nilipita mara moja tu, tena nilisimama getini."

"Lakini uliwauliza?"

"Niliwauliza."

"Kwa lugha yao?"

"Kwa lugha yao."

"Basi. Nani mwingine humu ndani anaweza kusema hivyo? Wewe ndiye masikio yetu."

Nilikuwa na miaka hamsini na minane. Sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote ofisini kwamba mimi ni kitu chao, sembuse masikio. Mstari wa kumi na saba ulikuwa yadi ya dada yangu, Zainabu, na nilijua kabisa kwamba kilichoandikwa pale si kweli. Nikachukua kalamu nikatia sahihi, kisha nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana najua baadhi yenu mmeajiriwa juzi kuzunguka mitaani na tableti, na wengine mnasomea mipango miji na mnakuja kuniuliza tulihesabuje zamani. Kila halmashauri ya mji inataka kujua jambo moja linaloonekana rahisi: katika kiwanja hiki kuna nyumba ngapi? Si majengo mangapi. Nyumba ngapi. Maji hupangwa kwa nyumba, mabomba ya majitaka kwa nyumba, gari la zimamoto kwa nyumba, hata nafasi za shule. Ukikosea hesabu hiyo, mtaa mzima unajikuta na bomba jembamba na watu wengi.

Nyumba kubwa haina shida, inaonekana kutoka barabarani. Shida ni kile kilichoko nyuma yake. Mkenya anakiita eskyuu, Mtanzania anakiita nyumba ya uani, Mkongo anakiita anekse, na watu wa Durban wenyewe wanakiita flati ya bibi. Nimekagua flati za bibi kwa miaka ishirini na sita, na mabibi niliowakuta humo hawafiki watano. Waliobaki walikuwa madereva wa teksi, wanafunzi, manesi, na wanaume waliofukuzwa na wake zao lakini wakafukuzwa karibu.

Kanuni yetu ilikuwa hivi. Chumba cha nyuma kisichokuwa na jiko lake ni sehemu ya nyumba kubwa, kama chumba cha kulala kilichoamua kukaa nje. Hakidaiwi chochote. Lakini kikiwa na jiko lake, hiyo ni nyumba ya pili. Inatakiwa iwe na ramani iliyopitishwa, na isipokuwa nayo mwenye kiwanja anapelekewa ilani: lete ramani au iondoe. Kwa hiyo kilichotenganisha chumba na nyumba hakikuwa ukuta wala mlango wala idadi ya vitanda. Kilikuwa jiko.

Lishikeni hilo neno, maana ndilo lililoniangusha.

Mimi nilizaliwa Bluff, katika wale watu ambao Durban inawaita Wazanzibari, ingawa asili yetu ni Umakuani, Msumbiji. Nilikuwa na miaka mitano tulipohamishiwa Chatsworth, kwa sababu waliopanga watu kwa rangi hawakujua watuweke kundi gani, wakatuweka na Wahindi. Nyumbani bibi alisema Kimakua, mtaani tulisema Kizulu, shuleni Kiingereza. Kiswahili changu nilikipata kwa maalim wa madrasa, na baadaye kwa Watanzania wafanyabiashara niliokuwa nakaa nao baada ya swala. Kilikuwa Kiswahili safi, ila kilikuwa cha kusomea. Hakikuwahi kupika wala kufua.

Ndipo walipofika Wakongo kwa wingi, wakafuata Watanzania wengine na wanafunzi wa Kenya, na vyumba vya nyuma vikajaa Kiswahili. Ofisini wakagundua kwamba mzee huyu wa fomu anakijua. Nikapewa orodha ya yadi zote zenye wapangaji wanaosema Kiswahili, nikazunguka na karatasi yangu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nami nilitafsiri nikiwa nimesimama getini. Palipoandikwa kama pana mahali pa kupikia penye sinki na maji yake, mimi niliuliza, "Kuna jiko?"

Kila mtu alijibu ndiyo.

Ningekuwa na akili ningeshangaa. Yadi arobaini na moja, na kila chumba kina jiko? Lakini kwa mpangaji, jiko ni kile unachopikia. Jiko ni ile plati mbili ya umeme iliyowekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hata mtu mwenye godoro na begi moja anayo. Mimi nilikuwa nauliza mahali, wao wakinijibu kifaa. Laiti ningesema jikoni, au ningeuliza habari za sinki, yasingetokea. Herufi mbili tu.

Tena nilionywa. Katika chumba kimoja hapa Chatsworth nilimkuta kijana wa Tanga, fundi wa simu. Nikamwuliza, "Kijana, una jiko?"

Akajikuna kichwa. "Bado, mzee. Mahari ndiyo inanisumbua. Kama una binti, tuzungumze."

Nilicheka mpaka nikaegemea geti. Kisha nikaona waya wa plati unapita mlangoni, nikaandika: jiko lipo. Neno lilikuwa limenionyesha lina maana tatu, nami nikalicheka tu nikaendelea na safari.

Nikafika kwa dada yangu.

Dada Zainabu ni mkubwa kwangu kwa miaka mitano. Ni mjane, hana mtoto, anaishi katika nyumba aliyoiacha baba yetu. Nyuma kuna chumba ambacho baba alikijenga kwa matofali ya kuokota, na humo alikuwa amempangisha mama mmoja wa Lubumbashi, Maman Bea, fundi cherehani, na mumewe Fabrice aliyekuwa mlinzi, na watoto wao wawili. Nasema amempangisha, lakini ukweli ni kwamba walikuwa wanaishi pamoja. Maman Bea alipika jikoni kwa dada, kwenye sufuria za dada. Watoto walifanyia masomo yao meza ya dada. Dada aliwaita wajukuu, na wao walimwita Koko, bibi kwa Kilingala. Maji ya chumba kile yalitoka bomba la nje, kwa ndoo. Hayo yote niliyajua, kwa sababu kila Ijumaa baada ya swala nilikula pale, kwa miaka thelathini. Chumbani mlikuwa na plati moja ya kuchemshia chai ya asubuhi, basi.

Siku ya ukaguzi nilisimama getini kama mgeni.

"Maman, iko jiko mule ndani?" nikamwuliza.

"Papa! We mwenyewe unajuaka!"

"Nijibu tu, Maman. Niko kazini."

"Eh, leo papa iko serye!" Akapiga makofi, akauchekea uso wangu wa kazi. "Jiko iko. Andika: iko."

Nikaandika. Mnaweza kuniuliza kwa nini, na nimejiuliza hilo kuliko ninyi. Niliogopa mtu asije kusema mzee wa fomu amempendelea dada yake. Nikajiambia nitamwuliza swali lilelile ninalowauliza wote, na nitaandika jibu lilelile analotoa, na huo ndio uadilifu. Kumbe uadilifu ulikuwa kumpa mwenzangu fomu ya yadi ile na kukaa pembeni. Nawaambia ninyi mlioanza kazi: yadi ya ndugu usiikague kwa upole wala kwa ukali. Usiikague kabisa.

Kabla sijaendelea niwapumzishe kidogo na karavani, maana swali la nyumba za magurudumu mnaniuliza sana.

Kanuni ilisema hivi: kitu chenye magurudumu kinachoweza kuvutwa ni chombo cha safari, na kisichoweza ni jengo. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mwalimu, Uncle Sonny, mkaguzi wa zamani, mfupi, mwenye kofia isiyovuliwa. Tukaenda Bluff kwa mzee mmoja anaitwa Uncle Ronnie, mstaafu wa bandarini, aliyeishi ndani ya karavani katika yadi ya shemeji yake. Karavani lilikuwa na baraza la mbao, vyungu vya maua, dishi la televisheni na paka.

"Hii ni gari," Uncle Ronnie akasema hata kabla hatujasalimiana. "Naenda nayo likizo."

"Lini?" Uncle Sonny akamwuliza.

"Nikipata nafasi."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo."

"Mwaka jana sikupata nafasi."

"Sharp, sawa. Basi isogeze nione."

Uncle Ronnie alikuwa mbishi wa kweli. Akaenda kwa jirani, akaja na pikapu, wakafunga mnyororo. Mtaa mzima ukatoka. Pikapu ikavuta, karavani likalia, likatoka pale lilipokaa miaka sijui mingapi, na baraza likalifuata, maana alikuwa amelipigilia misumari. Paka akabaki amekaa juu yake anatutazama. Uncle Sonny alitoa kalamu, akaandika huku machozi ya kicheko yakimtoka: "Inasogea. Na baraza pia."

Lakini msikilize alichofanya baadaye. Alimkalisha Uncle Ronnie kitako akamwambia, "Rafiki yangu, umeshinda. Sasa hesabu inasema hapa hakuna mtu anayelala. Ukiungua, zimamoto watazima nyumba ya shemeji yako na kuondoka. Unataka hivyo?" Wiki ileile Uncle Ronnie alikuja mwenyewe ofisini kuomba karavani lake liandikwe kama nyumba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuandikwa si adhabu. Ukiandikwa vizuri, mji unajua upo.

Mkikagua karavani, msisome bati la namba. Tazameni tairi: mpira ukipasuka na nyasi zikipita kwenye rimu, halisafiri tena. Tazameni maji: yakija kwa mpira wa bustani, huyo bado ni mgeni. Kitu kilichochimbiwa bomba hakiendi likizo.

Haya. Ilani zilitoka wiki tatu baada ya sahihi yangu. Siku thelathini: lete ramani au ondoa nyumba ya pili. Dada Zainabu alikuja kwangu kwa miguu, mtaa wa tatu kutoka kwake, barua mkononi, hata viatu vya nyumbani hajabadilisha.

"Soma."

Nikasoma. "Ni ilani ya kawaida, Dada. Tutaandika pingamizi."

"Sikukuuliza ni ya namna gani. Nani kaandika kwamba kwangu kuna nyumba mbili?"

"Fomu inasema..."

"Fomu ina mkono?"

"Maman Bea alisema jiko lipo."

"Plati! Plati moja juu ya kimeza! Wewe si umechemshia chai yako pale Idi iliyopita, umeme wa jikoni kwangu ulipokatika? Ukakaa kwenye kitanda cha watoto na kikombe chako? Umewahi kuona sinki mle?"

"Sijaona."

"Kwa hiyo ulijua."

Akaikunja barua taratibu, kwenye mikunjo yake ileile. "Bea ameshaanza kufunga mizigo," akasema. "Kama unaweza kumzuia, mzuie." Akaondoka.

Nilimfuata nyuma kama mtoto. Nilimkuta Maman Bea amevingirisha vitambaa vyake vyote kwenye shuka, cherehani imefungwa kamba. Nikamwambia asiondoke, barua ina makosa, makosa ni yangu, anipe siku chache nitaifuta.

"Papa, barua ya serikali hatungojeaka," akaniambia, wala hakuwa na hasira. "Nimepita mipaka mingi na batoto. Barua ikifika, sisi tunaendaka mbele, watu bado bayafike. Fabrice ameshapata chumba Queensburgh."

"Hawatakuja watu, Maman. Ni karatasi tu."

"Basi papa angesema karatasi tu mbele ya kuandika, si nyuma yake."

Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Bi Thandeka kabla hajavua koti. Nikamwambia yote: jiko, jikoni, plati, dada yangu, sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Eish, Baba," akasema. Kisha akavua koti, akaketi. "Siwezi kufuta yadi ya dada yako peke yake. Unaelewa itaonekanaje. Ukirudi kwa mmoja, urudi kwa wote arobaini na mmoja. Na uandike barua kwamba sahihi ile haikuwa ya kweli."

"Nitaandika."

"Wataweza kukuondoa kazini."

"Najua."

"Na mimi niandike ya kwangu," akasema, "maana mimi ndiye niliyekupa kalamu." Mpaka leo namheshimu kwa neno hilo.

Nilimpigia simu Uncle Sonny. Alikuwa amestaafu miaka mingi, goti moja limekufa, lakini gari lake la zamani lilikuwa bado linawaka. Nikapanda kando yake, nikamweleza. Tulikuwa tumesimama kwenye robot, akanigeukia badala ya kutazama taa za barabarani.

"Uliuliza jiko? Kwa mdomo?"

"Niliuliza."

"Mimi nilikufundisha nini?"

"Tairi. Mita ya umeme. Kamba za nguo, ngapi na za nani. Bomba la uchafu linatoka ukuta upi."

"Na nilikuwa nakunywa nini kila nyumba?"

"Maji. Nilidhani ni ugonjwa wa sukari."

"Sukari ninayo," akasema, "lakini si kwa ajili ya sukari! Miaka yote ile unanitazama nakunywa maji ya watu, unafikiri nina kiu?" Gari za nyuma zikapiga honi. Hakujali. "Ukimwuliza mtu ana nini, anafikiri, anaogopa, anajibu kile anachodhani unataka. Ukimwomba maji, anakwenda tu. Wewe unatazama anakokwenda."

Ndiyo siri yote, vijana, na nimewapa bure. Ingia, salimia, kaa ukikaribishwa, omba maji ya kunywa. Akigeuka akafungua bomba hapohapo ndani, maji yakaingia kwenye sinki na sinki ikapeleka mahali, hiyo ni nyumba. Akichukua kikombe akatoka uani, au akaita kwenye nyumba kubwa, hicho ni chumba. Hakuna lugha inayoweza kukupotosha hapo.

Tulizunguka siku kumi na mbili, nikitumia likizo yangu. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Queensburgh mwanafunzi mmoja Mkenya aliniambia, "Maji ni ya kwa mama mwenye nyumba, mzee, nikimbie nikuletee?" Akakimbia kweli, akapita uani na viatu visivyofungwa, nami nikaandika: chumba. Yule fundi wa simu wa Tanga alinichotea kwenye ndoo yenye kifuniko, akanikumbusha habari za binti. Nikaandika: chumba, na mwenyewe hana jikoni wala mke. Mahali pamoja mama mmoja alifungua pazia na nyuma yake kulikuwa na sinki ya chuma, oveni na kuku anaokwa. Akaganda na glasi mkononi. Nikamwambia asiogope, nikamwonyesha karatasi za kuombea ramani na kumtajia dirisha la ofisini la kuzipeleka, na yeye akanipa paja la kuku. Nyumba za kweli katika orodha ile zilikuwa sita. Vyumba vilivyobaki thelathini na tano nilikuwa nimevipa jiko mimi, kwa mdomo wangu.

Ilani zile thelathini na tano zilifutwa zote. Niliitwa mbele ya watu watatu, nikasomewa barua yangu mwenyewe kwa sauti, nikapewa onyo la maandishi. Kazi niliachiwa. Fomu ikabadilishwa: neno la jikoni likaondolewa kabisa, yakawekwa maswali mawili, maji yanaingia wapi na yanatoka wapi. Bi Thandeka alinitaka niyaandike kwa Kiswahili, na safari hii niliyapeleka kwanza kwa Wakongo, Watanzania na Wakenya wayasome, wanicheke, wanirekebishe. Walinicheka sana. Maswali hayo nasikia bado yapo ndani ya tableti zenu.

Kwa hiyo nina matumaini, na si ya kujifariji. Mnayo droni inayoona paa zote za mtaa kwa asubuhi moja, jambo ambalo mimi na Uncle Sonny tungelifanya kwa miezi. Lakini droni haiombi maji. Ninyi mnaweza. Tena mnazungumza lugha za humo vyumbani kuliko nilivyozungumza mimi, maana wengi wenu mmekulia humo. Juzi nilimwona binti mmoja wenu kwenye yadi ya jirani yangu: alipomaliza kuandika aligeuza tableti, akamsomea mpangaji alichoandika, akamwuliza, "Nimekuelewa?" Hilo mimi sikulifanya hata siku moja kwa miaka ishirini na sita. Kama ningelifanya kwa Maman Bea, angeniambia, "Hapana, papa, sinki hakuna," na hadithi ingeishia getini.

Maman Bea hakurudi. Barua ya kufuta ilani ilifika kwa dada wiki tano baada ya wao kuondoka, na watoto walikuwa wameshaanza shule nyingine. Mwaka juzi alinipigia simu, akaniita Queensburgh. Anashona sare za shule, ana wasichana wawili anaowalipa, na mwenye nyumba wake amejenga nyuma nyumba ya pili kamili, yenye ramani yenye mhuri. Aliniketisha, hakungoja niombe. Akafungua bomba la sinki lake mwenyewe, akajaza glasi, akanipa kwa mikono miwili.

"Sasa andika, papa," akasema. "Iko jikoni!"

Tulicheka wote. Nilimwuliza kama anawasiliana na dada. Akasema kila Jumapili, na watoto hulala kwake wakati wa likizo. Nilifurahi kusikia, na bado nafurahi.

Dada mwenyewe nilimwendea siku ilani ilipofutwa, nikiwa na barua mkononi, nikidhani nimeleta dawa. Aliisoma mlangoni. Akanirudishia.

"Ungekosea, ningekusamehe siku hiyohiyo," akaniambia. "Wewe hukukosea. Ulijua, ukaandika."

Nilimwomba msamaha pale, na kila Idi tangu hapo. Huitikia salamu yangu, kwa sababu ni mtu wa dini, kisha hufunga mlango. Sahihi ile haikuninyima kazi wala kiinua mgongo changu. Ilininyima dada yangu. Ana miaka sabini na mbili, anaishi mtaa wa tatu kutoka hapa ninapoandika, na mwaka wa tisa huu sijakanyaga ndani ya nyumba ya baba yetu.